Eksirei haina tatizo, mbona daktari anataka MRI?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 6 alianguka kutoka juu ya mwembe juzi jioni. Hapa wilayani amepigwa eksirei, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Ila shingo hataki kuigeuza, na jana alisema miguu ilikufa ganzi kidogo, kisha ikaacha. Tumeandikiwa rufaa ya haraka Dar es Salaam akapigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Baba yake anasema picha imeshaonyesha ni mzima, tusiteketeze hela. Nifanyeje?
Mama mwenye wasiwasi, Kilosa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nendeni leo hii.

Mwambie mwenzio kuwa eksirei haikudanganya, ila yenyewe huonyesha mifupa. Uti wenyewe, ule ugwe laini unaopita katikati ya pingili, hauonekani humo, wala kano zinazozishika pingili. Na mtoto wa umri huo ana kichwa kizito juu ya shingo yenye kano legevu. Akianguka, pingili zaweza kuachana kidogo zikarudi mahali pake kana kwamba hapakutokea kitu, huku uti umeshavutwa au kuminywa. MRI ndiyo huonyesha uvimbe na damu ndani ya uti, tena bila mionzi.

Hiyo ganzi iliyokuja ikaondoka ndiyo iliyonishtua katika barua yako. Mwaka 1982 madaktari Pang na Wilberger wa Marekani waliandika habari za watoto 24 walioumia uti ilhali eksirei zao hazikuonyesha kitu. Zaidi ya nusu walipooza baadaye, hata siku 4 baada ya ajali, na wengi wa hao walikumbuka kuwa mwanzoni walihisi ganzi ya kupita. Wako yuko ndani ya siku hizo.

Asafiri amelazwa chali, amevishwa kola ya kuishikilia shingo, isivuliwe hata akilia. Usimpakate, tafadhali. Mama akiwa na hofu mikono humtangulia, nimeliona hilo mara nyingi. Akishindwa kukojoa au mkono ukilegea, mwambie muuguzi papo hapo.

Mashine ina kelele na anatakiwa kutulia kama nusu saa au zaidi, kwa hiyo huenda akapewa dawa ya usingizi. Uliza kabla hujampa chakula. Na kwa kuwa ni sumaku, mvue hirizi, heleni, chochote cha chuma. Hela zikipungua, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, lakini mtoto awe ameshafika.