Jibu: Kwa nini mashabiki wa AFC North hawaivi chungu kimoja

Mkuu, umeuliza kwa nini mashabiki wa AFC North, divisheni ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani), wanachukiana kuliko wa divisheni nyingine, na shabiki wa Browns anaringia nini wakati timu yake haijawahi kufika Super Bowl, fainali ya ligi.

Ratiba inachangia. Timu ni nne, Steelers (Pittsburgh), Ravens (Baltimore), Bengals (Cincinnati) na Browns (Cleveland), na kila moja hukutana na nyingine mara mbili kwa msimu. Mechi 6 kati ya 17 unacheza na watani wa jadi.

Ila chuki yenyewe ni ya kifamilia. Paul Brown, kocha wa kwanza wa Browns, alifukuzwa Cleveland mwaka 1963. Mwaka 1968 akaibuka na timu mpya, Bengals, pale Cincinnati, jimbo hilohilo la Ohio! Halafu likaja balaa la 1996: mmiliki wa Browns, Art Modell, akahamishia timu Baltimore, ikawa Ravens. Cleveland wakabaki na jina, rangi na historia, bila timu, hadi 1999. Na Ravens hawakuchelewa, Januari 2001 wakabeba kombe la Super Bowl. Hebu fikiria mtu wa Cleveland aliitazamaje mechi ile.

Wa Pittsburgh wana makombe 6 na taulo zao za njano, kwa hiyo kelele zao zinaeleweka. Wa Browns anaringia ung'ang'anizi wake: alinyang'anywa timu, na bado Desemba yuko uwanjani anatetemeka kwa baridi. Kwangu huyo ndiye mwenye haki zaidi ya kutamba, ila usiyaseme hayo ukiwa Baltimore.