Mkwanga wetu hauzai, tuukate?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nyuma ya nyumba yetu hapa Kwale kuna mti aliotuachia marehemu babu. Ni kama mnazi mfupi uliokataa kukua, na majani yake yana miiba ya kuchoma. Safari hii umetoa vitu virefu vyenye magamba katikati ya majani, vikamwaga vumbi la njano, kisha vikanyauka. Mbegu hatukuona hata moja. Jirani anasema ni mchikichi pori usio na faida, tuukate. Je, ni mti gani, na mbona hauzai? – Msomaji, Kwale

JIBU: Marahaba. Panga lirudi ndani kwanza.

Jirani kadanganywa na umbo. Huo hauna undugu wowote na minazi wala michikichi, maana hautoi ua kabisa. Kwa picha ulizotuma, ni mkwanga, ambao kwa jina la kitaalamu ni Encephalartos hildebrandtii. Ulipewa jina hilo mwaka 1874 kwa heshima ya Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Mashariki. Ni mwenyeji wa pwani ya Kenya na Tanzania, na huko kwenu Kwale mnao wa porini, pale Mwaluganje.

Kuna mti mwingine wa pwani unaochanganywa nao, yaani mtapo, Cycas thouarsii. Chuma kijani kimoja, yaani jani dogo, kwenye jani kubwa ukielekeze kwenye jua. Mtapo una mshipa mmoja mnene unaopita katikati. Mkwanga hauna, utaona mishipa mingi myembamba inayokwenda sambamba. Kisha shuka na jani hadi chini karibu na shina: vijani vya mkwanga vinazidi kuwa vifupi mpaka vinabaki miiba mitupu. Hiyo ndiyo inayowachoma.

Sasa suala la kuzaa. Mti wenu ni dume, kama mpapai dume, na hakuna mbolea itakayoubadilisha. Vile vitu vya magamba ni koni, na lile vumbi ni chavua. Koni za dume ni nyembamba na zina kikonyo. Za jike ni nene na nzito, na kila gamba hubeba mbegu mbili zenye ganda jekundu. Kabla mti haujatoa koni, hakuna mtaalamu atakayekuambia kwa kuutazama tu kama ni dume au jike. Na chipukizi likiota ubavuni mwa shina, nalo litakuwa dume.

Porini chavua haitegemei upepo peke yake. Wapo wadudu wa jamii ya fukusi wanaozaliana ndani ya koni za dume, nao wakihamia kwa jike hubeba chavua hiyo. Chavua ikishafika hutoa mbegu za kiume zenye vinyweleo, zinazoogelea zenyewe hadi kwenye yai. Mimi hapo ndipo ninapoushangaa mti huu: mimea mingi inayozaa mbegu iliachana na kuogelea zamani mno.

Kwa hiyo mnahitaji jike. Msiende kung'oa porini: jamii yote ya Encephalartos imo katika kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa kuwa wizi wa mimea hii ni biashara kubwa duniani. Ulizeni mtaani kama kuna mwenye jike uani kwake. Dume lenu likitoa koni tena, zikianza kufunguka, zikung'uteni juu ya karatasi, mkaushe chavua kivulini, mfunge vizuri na kuiweka kwenye friza. Itasubiri hadi koni ya jike ifunguke.

Mkipata mbegu, vaeni glavu mtoe lile ganda jekundu, na watoto na mbwa wasizikaribie. Zina sumu inayoharibu ini. Mtasikia kwamba wakati wa njaa watu walikula mti huu. Ni kweli, lakini baada ya kazi ndefu ya kuondoa sumu, na si jambo la kujaribia jikoni. Msizipande siku hiyohiyo pia. Mbegu ikianguka, kiini chake bado kichanga, hivyo iwekeni mahali pakavu penye kivuli miezi kadhaa, ndipo muilaze kwenye mchanga, nusu yake ikionekana juu.