Mbwa wa mbio akistaafu: maswali ya kuuliza kabla hujamchukua na kabla hujaunga mkono sheria yoyote

Jamani, mtu akikwambia mbio za mbwa Uingereza zina sheria kali we usibishane naye, muulize tu hiyo sheria inaanzia wapi kwenye maisha ya mbwa na inaishia wapi. Mi naishi kaskazini mwa England, huwa najitolea kwenye banda la mbwa waliostaafu mbio, nawatembeza, nawaosha, nawapima uzito, na nyumbani ninaye mmoja, na hilo swali ndo nimeona linakata porojo zote.

Kwa asiyewajua, hawa ni greyhound, mbwa wembamba, miguu mirefu, kifua kikubwa, mwendo wao unapita kilomita 60 kwa saa. Huku wanakimbizwa sita sita kwenye mchanga, wanamfukuza sungura wa bandia anayevutwa kwenye reli, nusu dakika hivi mbio imeisha. Mbio za aina hii Uingereza zilianza 1926 pale Belle Vue, Manchester, enzi hizo watu walijaa uwanjani mpaka pa kusimama hakuna, ila siku hizi pesa ipo kwenye maduka ya kubeti, ambayo yanataka kitu cha kuonyesha kwenye skrini kuanzia asubuhi. Nyumbani Dar, Nairobi au Kampala ukiingia duka la kubeti utakuta mbwa wa kutengenezwa na kompyuta wanakimbia, wale hawaumii. Huku ni mbwa wa nyama na damu, na wengi wao wamezaliwa Ireland wakavushwa bahari kuja kukimbia.

Wanaumia wapi? Sana sana kwenye kona ya kwanza. Wote sita wanafika pale karibu kwa pamoja, kila mmoja anataka upande wa ndani, wanagongana, na kwa sababu muda wote wanakata kushoto basi ule mguu wa nyuma wa kulia ndo unabeba mzigo, vimifupa vya kwenye kifundo vinapasuka. Bodi inayosimamia mchezo, Greyhound Board of Great Britain, kwa takwimu zake yenyewe za mwaka 2024 ilihesabu majeruhi zaidi ya 3,800 na mbwa 123 waliofia uwanjani. Hizo ni hesabu za wenye mchezo wenyewe, sio za wanaharakati, na hata kuzitoa hadharani kila mwaka wameanza 2018 tu, kabla ya hapo mtu wa nje ulikuwa unabahatisha.

Sasa sheria. England kuna kanuni za 2010 za ustawi wa mbwa wa mbio. Zinataka daktari wa mifugo awepo uwanjani na awaangalie mbwa kabla hawajakimbia, mbwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi na alama za wino masikioni, asikimbie kabla ya kutimiza miezi 15, majeruhi waandikwe. Ni mambo mazuri na sitaki kuyadharau, kuna mbwa wako hai leo kwa sababu daktari alimkatalia mwenye mbwa. Lakini hebu soma tena uone, karibu yote hayo yanatokea ndani ya geti la uwanja! Mbwa anakaa uwanjani saa chache kwa wiki, maisha yake yaliyobaki yako bandani kwa mkufunzi, na kabla ya hapo alikuwa kwa mzalishaji, na baada ya hapo Mungu anajua. Kamati ya Bunge ya mambo ya mazingira iliyasema hayo hayo mwaka 2016, kwamba kanuni zimejikita uwanjani wakati mbwa anaishi kwingine. Bodi imejiwekea viwango vyake vya mabanda, sawa, ila bodi ni ya mchezo wenyewe, sio ya serikali.

Na hii ya "baada ya hapo" sio hofu ya kufikirika. Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times liliandika kuhusu mtu wa Seaham, County Durham, aliyekuwa analetewa mbwa waliochoka mbio anawaua kwa bunduki na kuwazika kwenye kiwanja chake, likakadiria zaidi ya 10,000 kwa miaka 15. Alipofikishwa mahakamani kosa lilikuwa kuzika taka bila kibali, akapigwa faini ya paundi 2,000. Taka! Kuua mbwa mzima wa afya kwa risasi moja safi halikuwa kosa kisheria, kosa lilikuwa shimo. Mi nikimuogesha mbwa nikaona zile alama za wino masikioni huwa nawaza hilo, maana wale wa Seaham nao walikuwa mbwa wa mbio, na kisheria hakuna aliyetakiwa kujibu wameenda wapi.

Kwa hiyo kama upo huku na unataka kumchukua mstaafu, anzia hapo hapo. Omba alama za masikioni na namba ya chipu, kwa hizo utapata historia ya mbio zake na utaona aliacha kukimbia ghafla au taratibu. Omba rekodi ya majeraha, usiridhike na "alichoka tu", mwambie daktari wa mifugo akikague kile kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Angalia meno, mengi ni mabovu sana kwa sababu ya chakula laini cha bandani na kutosafishwa. Akitakiwa kupigwa nusu kaputi mkumbushe daktari kwamba huyu ni greyhound, mwili wake hauna mafuta na dawa nyingine zinachelewa kumtoka. Uliza kama amejaribiwa na paka, yaani anaweza kukaa nao bila kuwafukuza. Usimfungue kamba sehemu isiyo na uzio, hata kama ni mpole vipi, akiona kitu kinakimbia hakusikii tena. Baridi ya huku inamuumiza, mnunulie koti. Na watoto wafundishwe wasimrukie akiwa amelala, wengi hawajawahi kuishi ndani ya nyumba, wakishtuliwa usingizini wanaweza kung'ata kwa woga, muite jina kwanza aamke. Ngazi, kioo, mashine ya kufulia, vyote ni vigeni kwake, mpe muda. Mambo ya mazoezi watu wanaogopa bure, matembezi mawili kwa siku yanamtosha, saa nyingine zote analala.

Kuna wanaosema tupige marufuku yote tumalize. New Zealand walitangaza kufuta Desemba 2024, Wales wakatangaza Februari 2025, na mi naunga mkono, nimeona miguu ya kutosha. Ila angalia wanafutaje. Macau, kule China, walipofunga uwanja wao wa mbio za mbwa wa Canidrome mwaka 2018 walibaki mbwa zaidi ya 500 hawana pa kwenda, mwenye uwanja hakuwa na mpango, mashirika ya wanyama ndo yakahangaika kuwatafutia nyumba nchi za mbali. New Zealand siku ile ile waliyotangaza walipeleka bungeni kwa haraka sheria ya kuzuia mbwa hao wasiuawe ovyo, wakaweka na muda wa miezi 20 wa kuwatafutia makazi. Hapo ndo unaona tofauti ya kumfuata mbwa na kufuata uwanja.

Kwa ndugu zangu mnaoishi Uingereza, msidhani haya hayatuhusu kwa kuwa sisi wageni. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi hapa anapiga kura ya ubunge kwa sababu ni raia wa Jumuiya ya Madola, wengi hawajui hata hilo, nenda kajiandikishe. Hata ambaye hapigi kura, Mkongo au Mrundi, mbunge wa eneo unaloishi ni mbunge wako na unaweza kumwandikia, na ombi la bungeni kwenye mtandao mkazi yeyote anasaini, yakifika majina 10,000 serikali inajibu. Usiandike barua ndefu ya hasira. Muulize mambo matatu: nani anakagua mabanda ya wakufunzi bila kutoa taarifa, na ripoti zinasomwa wapi, mbwa akitoka kwenye mbio nani anawajibika kisheria kuonyesha yuko wapi, na pesa ya kumtunza mstaafu inatoka kwa nani, maana mchango wa makampuni ya kubeti kwenye mfuko wa mchezo mpaka leo ni wa hiari, anayetaka analipa. Taja jina la uwanja ulio karibu nawe, weka anwani yako kamili na postikodi, bila anwani ofisi ya mbunge huenda isikujibu.