Mkanda wa milimita 16 usio na rili: usiunyanyue!

Mkuu, umeuliza utafungaje kwenye rili (gurudumu la kuviringishia filamu) mikanda ya filamu ya mm 16 ya marehemu babu yako, iliyoviringishwa kwenye kiini cha plastiki tu, bila sahani za pembeni. Utahitaji rili ya mapande mawili, ile inayofunguka kwa kuzungusha. Ila usije ukanyanyua mkanda kwa kushika kingo zake.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa msaidizi kwenye stoo moja ya filamu, nilitoa mkanda wa futi 400 kwenye kopo, nikaushika kama sinia la wali. Kiini kikachomoka, safu za ndani zikakifuata mpaka sakafuni. Filamu ya dakika 11 tu, lakini mimi na mzee aliyekuwa akinifundisha tuliifumua mpaka alasiri. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Basi fanya hivi. Funika kopo lililo wazi kwa kadibodi ngumu, vipindue vyote pamoja, kisha inua kopo. Mkanda utabaki umelala bapa. Chukua pande la rili lenye mhimili, lishushe juu ya mkanda mpaka mhimili uingie kwenye tundu la kiini. Tazama kile kijino cha kwenye mhimili: lazima kikae kwenye mfereji wa kiini, la sivyo kiini kitazunguka peke yake ukianza kuviringisha. Halafu bana kadibodi na rili kwa viganja viwili, pindua, ondoa kadibodi, funga pande la pili. Muda wote huo mkanda haujaning'inia hata mara moja.

Kutoa ni hivyo hivyo kinyumenyume. Rili ilale mezani kwanza ndipo uifungue. Wapo wanaoifungua ikiwa wima, nawaachia wenyewe.

Mkanda ukiwa umelegea, usivute ncha yake ili ukaze. Vumbi lililo kati ya safu linakwaruza picha. Uhamishie kwenye kiini kingine polepole, kwa mkazo ule ule mwanzo mpaka mwisho. Ukipata kiini cha inchi 3 badala ya 2, bora zaidi, mkanda haujikunji sana.

Na kopo likitoa harufu ya siki, litenge na mengine leo hii. Hiyo ni asetati, plastiki ya filamu yenyewe, inaoza, na joto na unyevu huiharakisha. Ya kwako yananukaje?