Anayesifiwa kuwa na kichwa kigumu

Jarida limeuliza: kijana anayekunywa Jumamosi tu, lakini akinywa analewa chakari, ubongo wake unadhurika? Unadhurika, na zile siku sita za kukaa mbali na chupa hazimwokoi.

Tuanze na hesabu. Kunywa kwa mkupuo ni kufikisha gramu 0.08 za pombe katika kila mililita 100 za damu ndani ya saa 2 hivi. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 79 za pombe halisi, na ini huondoa gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Aliyeimaliza saa sita usiku anaweza kushika usukani asubuhi huku damu yake bado ina pombe.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na kumwambia mtu “sasa basi”, hukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi. Ndiyo inayolemewa mapema, ndipo zinapokuja ngumi, ngono bila kinga na pikipiki isiyo na kofia. Tena majaribio ya panya yameonyesha kwamba wachanga huchelewa kusinzia na kuyumba kuliko wakubwa, ilhali uwezo wao wa kujifunza na kukumbuka huvurugika zaidi. Kwa hiyo yule anayesifiwa kwamba pombe haimwingii amekosa breki tu.

Mtazame kwa karibu. Anacheza, anajibu maswali, anatuma ujumbe. Muulize kilichotokea nusu saa iliyopita, anakukodolea macho. Hajazimia: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, imeacha kuhifadhi, na kisichohifadhiwa hakitakumbukwa kesho hata akisimuliwa. Vijana hulicheka jambo hili. Mimi silioni kichekesho.

Kahawa na maji baridi haviharakishi ini hata kidogo. Akiwa haamshiki, midomo inageuka bluu, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika au pumzi inakatika kwa sekunde 10, piga simu ya dharura. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Usimwache “alale iishe”: pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu, na anaweza kuzidiwa akiwa usingizini.