Yaya (ndugu yangu mkubwa) amesema "jenga tu": je, nijenge kwenye parseli ya baba?

*Jambo Mama wa ushauri. Nina miaka 38, nauza vitenge kwenye soko la Kenya, yaani ile komini ya hapa Lubumbashi, Kongo. Kwa miaka 6 nimeweka dola 6,200 pembeni. Nimechoka kuamka kila asubuhi nikimwomba Mungu wateja waje. Marehemu baba alituachia parseli, yaani kiwanja, hapa Katuba, mita 20 kwa 25. Mama yetu anaishi kwenye nyumba kubwa. Nataka kujenga nyuma yake nyumba mbili za kulipisha, kila moja chumba na salo (sebule). Fundi amesema dola 9,000 kwa zote mbili, na kila moja italipwa dola 80 kwa mwezi. Zile 2,800 zinazokosekana nitakopa Bank Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, kwa 10 kwa mia kila mwezi. Yaya mkubwa amesema: "Jenga tu, parseli ni yetu sote." Mume wangu anaogopa, anaona bora ninunue parseli Luwowoshi, komisionere (dalali) ametuletea moja yenye fishi tu, ile karatasi ya parseli ambayo siyo hati. Nyumbani nahitaji dola 300 kwa mwezi. Nitafika? – Mama Vitenge*

Mama Vitenge, tuanze na lile deni. Dola 2,800 kwa 10 kwa mia ni dola 280 kila mwezi, na hiyo ni riba tu, mtaji haujaguswa. Nyumba zako mbili zikijaa zitaleta 160. Kwa hiyo kila mwezi utachota 120 kwenye vitenge kulisha deni ambalo halipungui hata dola moja, na mpangaji akichelewa mwezi mmoja, vitenge ndivyo vitauzwa kwa hasara. Mkopo wa Bank Lambert unaweza kumsaidia mtu wa mzigo unaouzwa kwa wiki mbili. Nyumba inarudisha pesa kwa miaka. Achana nao kabisa.

Sasa neno la yaya. Sina shaka kwamba analisema kwa moyo mweupe, lakini hebu tazama kilicho chini yake. Parseli bado iko kwa jina la marehemu. Kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto wote wa marehemu wanagawana robo tatu ya urithi kwa usawa, wasichana sawa na wavulana, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akiwa baba alimtambua yumo pia. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane, wazazi wa marehemu kama wako hai, na ndugu zake. Maana yake baba mdogo naye anaweza kuwa na neno, hata kama tangu mazishi hajafungua kinywa. Na mama yenu ana haki ya kuendelea kukaa kwenye ile nyumba. Hakuna mtoto wa kumhamisha. Usisahau pia kwamba kilichojengwa hufuata ardhi. Ukimwaga saruji leo juu ya ardhi isiyogawanywa, siku ya kugawana nyumba yako itahesabiwa ndani ya mali ya wote, na wewe utabaki kutafuta mashahidi wa nani alinunua matofali.

Hata hivyo nakushauri Katuba, siyo Luwowoshi. Katuba wapangaji wapo, soko liko karibu, na mama yupo anaona nani anaingia na nani anatoka. Hilo la mama ni ulinzi ambao huwezi kuununua. Ila karatasi zitangulie tofali.

Itisheni baraza la familia, na baba mdogo aitwe. Muandike majina ya warithi wote bila kumruka mtu, kila mmoja asaini. Pamoja na cheti cha kifo, karatasi hiyo inapelekwa mahakama ya amani ili warithi watambuliwe na mtu wa kusimamia mgawanyo ajulikane. Kwa mali ndogo kama yenu, kwa kawaida ni mrithi mkubwa kwa umri, yaani yaya mwenyewe. Hukumu ikitoka, mnaenda kwa konservatere wa hati za nyumba na ardhi kubadilisha jina. Hapo ndipo mtajua baba alikuwa na nini hasa. Kama ni cheti cha kuandikishwa, ile tunaita sertifika, vizuri: sheria ya ardhi ya 1973, kifungu cha 219, inasema haki ya kutumia ardhi haipo kisheria bila cheti hicho, na kikishatimiza miaka miwili ni vigumu sana mtu kukishambulia. Kama ni fishi peke yake, mnayo kazi nyingine ya kuomba hati, na bora muijue sasa kuliko siku fundi ameshapandisha kuta.

Mgawanyo ukichelewa, kuna njia ya katikati ambayo mimi naiona nzuri. Warithi wote wanasaini mapatano mbele ya notere (afisa anayethibitisha hati), yenye mambo matatu: sehemu utakayojenga, ikipimwa kwa mita na kuchorwa, kwamba kodi ya nyumba hiyo inakurudishia kwanza gharama yako yote, kwa risiti, na baada ya hapo kodi inagawanywa vipi, au unalipwa kiasi gani siku parseli ikiuzwa. Mpelekee yaya karatasi hiyo kwa heshima, mama akiwepo. Ndugu anayesema "jenga tu" halafu anakataa kusaini, ameshakujibu. Na mume wako akae kwenye kikao hicho: kama siku ya ndoa hamkuchagua mpango mwingine wa mali, mnachopata ndani ya ndoa ni chenu wawili, hata pesa ikitoka kwenye vitenge vyako.

Tugawe zile 6,200. Weka 600 kwa karatasi. Weka 600 nyingine ambazo hutazigusa, kwa ajili ya soko likilala au mtoto akiugua. Zinabaki 5,000, nazo zijenge nyumba moja, iishe kabisa: mlango, kufuli, choo, umeme. Fundi amesema 4,500 kwa nyumba moja, lakini ya kwanza hubeba msingi wa choo na nyaya ambazo ya pili itazikuta tayari, kwa hiyo iache ifike 5,000 na ya pili uihesabie 4,000. Nyumba mbili zilizofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha tu, hazilipwi na mtu. Mvua ya kwanza inazilowesha, ya pili inazibomoa.

Dola 80 kwa miezi 12 ni 960, lakini hesabu miezi 11, maana mpangaji mmoja akitoka mwingine haingii kesho yake: 880. Kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba, kiwango kilichozoeleka tangu zamani ni 22 kwa mia, na hapa kwetu inalipwa kwenye idara ya mapato ya jimbo, DRHKAT. Pita pale uthibitishe kabla hujataja bei kwa mpangaji. Toa 194. Toa 80 za kurekebisha bomba, kufuli na rangi. Unabaki na dola kama 606 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi kwa kila nyumba. Kwa mahitaji ya dola 300 unataka milango 6, yaani nyumba 6 kama hiyo.

Najua hilo linakatisha tamaa kulisoma. Lakini tazama mwendo wake. Umekuwa ukiweka dola kama 1,030 kwa mwaka. Ongeza 606 za nyumba ya kwanza: ya pili inasimama baada ya miaka miwili na nusu, bila deni. Ya tatu inahitaji chini ya miaka miwili, ya nne mwaka na nusu hivi, na kila moja inaivuta inayofuata kwa kasi zaidi. Mlango wa sita unafika karibu mwaka wa 8, kwa sharti kwamba huli kodi yoyote ya wapangaji kabla ya hapo. Saruji ikipanda bei, sema mwaka wa 10. Milango yote haitaenea Katuba, na hapo ndipo parseli nyingine itakuja kwa zamu yake. Kodi ya wapangaji iweke mbali na pesa ya biashara. Likelemba (upatu) yenye watu unaowafahamu inafaa kwa miezi michache, siyo kwa miaka.

Ujenzi wenyewe uanze Mei. Mvua za Lubumbashi hukaza kuanzia Novemba hadi Aprili. Paa liwe limefungwa kabla ya mwisho wa Oktoba. Ukinunua matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu ni mazuri, lakini yale ya pembeni mwa tanuru mara nyingi hayakuiva. Gonga mawili: lililoiva linalia kama chungu kizima, lisiloiva linatoa sauti ya ubao. Liache moja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Likiyeyuka kingo, rudisha mzigo. Tofali bichi likiwekwa chini, linanyonya maji kutoka ardhini, na baada ya msimu wa pili krepi (plasta) inaanguka vipande vipande na mpangaji anadai punguzo. Juu ya msingi tandika plastiki nene kabla ya kuta kuanza. Usimruhusu fundi kuruka mshipi wa zege juu ya kuta, maana ndio unaoshika mbao za paa upepo ukija. Bati: namba inavyopungua, unene unaongezeka, kwa hiyo BG 28 inashinda BG 32, na bei utakayoongeza hutaijutia.

Sakafu ya mita za mraba 28, unene wa sentimita 8, kwa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, inakula mifuko kama 15 ya kilo 50. Fundi akiandika 30, muulize. Akiandika 7, muulize zaidi. Nunua vifaa wewe mwenyewe, na mlipe kazi kwa hatua: msingi, kuta, paa, umaliziaji, fungu la mwisho likibaki mkononi mwako hadi milango ifungike.

Choo na kisima visikaribiane. Umbali salama ni mita 30, na parseli yenu kutoka kona hadi kona ina mita 32 tu, bila kuhesabu choo cha jirani. Kwa hiyo usichimbe kisima kifupi cha wapangaji. Lete maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji. Umeme nao, weka mita ndogo kwa kila mlango tangu mwanzo. Nyumba zinazotumia mita moja ya SNEL, shirika la umeme, zinagombana kila mwezi kuhusu nani ana frigo, na anayepoteza wapangaji ni bayere (mwenye nyumba).

Mpangaji asaini mkataba wa maandishi, hata akiwa binamu. Sheria ya mwisho wa 2015 kuhusu nyumba za kupanga inaweka garanti (amana anayotanguliza mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3: kwako ni dola 240. Pesa hiyo siyo mapato. Mabayere wengi huimalizia kwenye rangi na madirisha, kisha mpangaji akiondoka hawana cha kumrudishia; naye akishalijua hilo, "anakula garanti": anakaa miezi ya mwisho bila kulipa, na anaacha nyumba imevunjika bila pesa ya kuirekebisha. Siku ya kuingia, pitieni vyumba pamoja, muandike kila kioo na kila soketi, mpige picha, msaini wote wawili.

Na parseli ya Luwowoshi: mwambie komisionere akupe namba ya parseli, siyo nakala ya fishi. Ipeleke kwenye kadasta (idara ya upimaji wa ardhi) na kwa konservatere, uulize iko kwa jina la nani, halafu nenda uzungumze na majirani wa pande zote na chefu wa kartye (mtaa) bila komisionere kuwepo. Akisema kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho na pesa, mwache huyo mnunuzi anunue.

Wiki hii tafuta cheti cha kifo cha baba, na mpigie baba mdogo simu kabla hajasikia habari hizi kwa mtu mwingine.