"Limited" si "ndogo"

Umeuliza kama "Limited" inayoandikwa mwishoni mwa jina la kampuni maana yake ni kampuni ndogo. Hapana, kaka. Chenye mpaka pale ni dhima ya wanahisa, yaani wajibu wao wa kulipa madeni ya kampuni, siyo ukubwa wa kampuni. Tuseme umenunua hisa za laki 5 na umezilipa zote. Kampuni ikifilisika na madeni ya milioni 80, unapoteza hiyo laki 5 yako basi. Mdai hawezi kuja kubeba sofa lako sebuleni. (Labda kama uliweka nyumba yako dhamana ya mkopo wa kampuni, hapo umejifunga mwenyewe.) Mtindo huu tumeurithi kwa Waingereza, ambao walipitisha sheria yake mwaka 1855.

Nje ya kampuni, angalia neno limekaa na nani. "Limited seats" ni nafasi chache. "Limited time" ni muda mfupi, ukichelewa ofa imekwisha. "My English is limited" mimi ningesema Kiingereza changu ni cha kuombea maji, maana "Kiingereza changu kina ukomo" sijasikia mtu akiongea hivyo.

Ila usilichanganye na "restricted". Hilo nyuma yake kuna mtu aliyekataza. Ukikuta kibao cha "restricted area" getini, ndani nafasi inaweza kuwa tele, uwanja mzima mtupu, lakini huna kibali huingii. Mlinzi atakurudisha hata kama umevaa suti.